Kifaru cha Chuma cha 1/6: Mwongozo wa Seti Yako ya Kwanza

Seti ya kujenga modeli ya kifaru cha vita cha chuma, cha skeli ya 1/6 (sehemu moja ya sita ya kifaru halisi), haina undugu na zile za plastiki za kubandika kwa gundi. Hii ni kazi ya makanika. Unapokea mabamba ya alumini yaliyokatwa kwa mashine, ekseli za chuma, giaboksi, mota mbili na mamia ya bolti ndogo. Ukimaliza una mtambo wa rimoti ambao mtu mmoja hapaswi kuunyanyua peke yake. Mengi yanaweza kuharibika njiani na kurekebishika, lakini kosa moja hukufuata mpaka mwisho: bodi ya chini kukazwa ikiwa imepinda. Bodi ikipinda, mnyororo hutoka kila kona, mota hupata moto, na rangi nzuri haitakusaidia chochote.

Chagua kifaru kinachomsamehe mgeni

Watu wengi huvutwa na Tiger ya Wajerumani kwa sababu ya jina. Kwa seti ya kwanza, iache. Tiger I ina ekseli 8 kila upande na magurudumu yake yanapishana, hivyo beringi moja ya ndani ikianza kulia unafungua magurudumu ya nje ndipo uifikie. Sherman ya Marekani ni rahisi zaidi: kila upande una bogi 3, kila bogi ina magurudumu 2, na bogi nzima hufungwa kwa bolti nje ya bodi. Unaijenga mezani, unaijaribu kwa mkono, kisha unaifunga. Tafuta toleo lenye bodi ya mabamba bapa, kama M4 (jina la kijeshi la Sherman) ya kawaida au M4A3. Bodi ya mviringo ya M4A1 ni nzuri kwa macho ila ni ngumu kuipima na skweya. Kwa Waganda Sherman si jina geni: jeshi la Idi Amin lilikuwa nazo, zilizotoka Israeli.

Sherman halisi ilikuwa na urefu wa mita 5.84, upana wa 2.62 na kimo cha 2.74. Ukigawa kwa sita unapata takriban sentimita 97 kwa 44 kwa 46. Pima mlango wa chumba chako kabla ya kulipa. Uzito haugawanywi kwa sita bali kwa 216, yaani 6 × 6 × 6, kwa hiyo tani 30 zingekuwa kama kilo 139. Seti haifiki huko kwa sababu alumini ni nyepesi na kuta ni nyembamba kwa uwiano, lakini panga watu wawili wa kubeba na meza ya miguu imara. Meza ya plastiki ya sherehe haifai.

Forodha, kabla mzigo haujafika

Watengenezaji wa seti hizi wako mbali. Armortek ya Uingereza ni mmoja wanaojulikana kwa skeli ya 1/6. Baadhi hutuma masanduku kwa awamu, kwa hiyo uliza mapema kama utapokea mzigo mmoja au kadhaa, maana kila mzigo una gharama zake za kuutoa. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, huhesabu kodi juu ya bei pamoja na bima na usafiri, si bei ya seti peke yake, na VAT ni 18%. Ankara ieleze wazi kwamba ni modeli ya burudani ya kipimo kidogo, isiyofyatua kitu chochote. Modeli za namna hii zimo katika sura ya 95 ya orodha ya forodha, namba 9503, pamoja na vitu vya kuchezea. Ankara inayosema tu "vipuri vya kifaru" itakuletea maswali ambayo hukuyahitaji, hasa skana ikiona mtutu. Chapisha picha za modeli iliyokamilika ukae nazo. Vifaa vya moshi na milipuko viache kabisa.

Vifaa vya kazi

Kifaa kimoja usichobania pesa ni funguo za aleni. Zile za bei ya chini zina kona laini. Zikiteleza mara mbili, kichwa cha bolti kimekuwa duara na sasa unahitaji drili. Nunua seti ya chuma kigumu yenye 1.5, 2, 2.5, 3, 4 na 5 mm. Kwa bolti za kichwa cha silinda, M3 (yaani bolti ya kipenyo cha mm 3) hutumia ufunguo wa 2.5, M4 wa 3, M5 wa 4, na M6 wa 5. Bolti za kichwa bapa kinachozama hutumia ufunguo mdogo zaidi: M3 wa 2, M4 wa 2.5, M5 wa 3. Ukilazimisha 2 mm ndani ya tundu la 2.5 umeshaiharibu.

Ongeza tapu za kukata hesi (mistari ya skrubu ndani ya tundu) na drili zake: 2.5 mm kwa M3, 3.3 kwa M4, 4.2 kwa M5, 5.0 kwa M6. Utazihitaji kusafisha hesi zenye mabaki ya chuma au rangi. Kisha chukua venia ya kupimia, skweya ya chuma, tupa ndogo laini, msasa wa namba 240 na 400, nyundo ya mpira, klampu nne, mita ya umeme, na gundi ya kufunga hesi ya nguvu ya kati, ile ya buluu kama Loctite 243. Ya nguvu nyingi, ambayo kwa kawaida ni nyekundu au kijani, isiingie karakana yako bado. Kuifungua kunataka moto.

Unahitaji pia uso ulio bapa kweli, na mbao haifai kwa hilo. Nenda kwa wanaokata granaiti za kaunta za jikoni, uombe kipande kilichobaki chenye urefu wa mita moja na kidogo. Kioo kizito cha mm 10 juu ya meza ngumu pia hufaa.

Bolti za M6 na M8 utazipata kwenye duka lolote la vipuri vya boda. M3 na M4 za urefu unaotaka si rahisi hivyo, kwa hiyo agiza ziada pamoja na seti, angalau kumi kwa kila mia. Beringi za namba za kawaida kama 608 na 6000 zinapatikana kwa wauza vipuri. Taka zenye mwisho wa 2RS, ambazo zina mpira pande zote mbili, kwa sababu vumbi la murram hupenya kirahisi kwenye zile za kifuniko cha bati. Ukihitaji kukerezewa bushi au shafti, mafundi wa Katwe na Kisenyi, Kampala, wanaweza, ila usiende na mchoro peke yake. Nenda na kile kipande ambacho bushi itaingia ndani yake, fundi aijaribu hapo hapo.

Hesabu, panga, safisha

Fungua sanduku moja kwa wakati. Hesabu kila kitu dhidi ya orodha kabla ya kufunga bolti ya kwanza, kwa maana kudai kipande kilichopungua ni rahisi ukiwa hujaanza. Trei za mayai ni nzuri sana kwa bolti: vishimo 30, kila kimoja na urefu wake. Bolti ya M4 ya mm 12 na ya mm 16 zinafanana machoni, lakini ile ndefu ikiingia kwenye tundu lisilotoboka upande wa pili hugonga chini kabla kichwa hakijakaza. Wewe unahisi imekaza, kumbe bamba linacheza.

Andika kwa kalamu ya wino usiofutika "kushoto" na "kulia" kwenye upande wa ndani wa kila kipande chenye jozi. Kushoto ni kushoto kwa dereva aliyekaa ndani akitazama mbele. Mchoro ukionyesha kifaru kutoka mbele, pande hugeuka, na hapo ndipo bogi huishia kufungwa kinyume.

Alumini iliyotoka mashineni ina mafuta ya kukatia na ncha kali ukingoni. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha, kisha pitisha tupa ukingoni, mara mbili tatu tu, mpaka ncha isikwaruze kucha. Usikwangue nyuso zinazokutana. Kwa mafuta sugu tumia spiriti, dirisha likiwa wazi na sigiri ikiwa mbali. Petroli usiitumie ndani ya nyumba.

Bodi ya chini

Hapa usiwe na haraka. Kanuni ni moja: usikaze bolti yoyote mpaka ya mwisho imeingia.

1. Weka bamba la chini juu ya granaiti. Simamisha mabamba ya pembeni na viungo vya kati, kila bolti uiingize kwa vidole na kuisimamisha nusu mzunguko kabla haijashika. Isiyoingia kwa vidole usiilazimishe kwa ufunguo. Itoe, pitisha tapu, jaribu tena.

2. Ukiwa na bolti zote mahali pake, pima mshazari: kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vilingane, tofauti isizidi nusu milimita. Vikitofautiana, sukuma kona iliyo ndefu kwa mkono au nyundo ya mpira.

3. Kaza kidogo kuanzia katikati kwenda nje, kwa mshazari, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Pima tena. Ndipo ukaze kikamilifu. Bolti ya M3 ya chuma ndani ya alumini inatosheka na nguvu ya takriban 1 Nm, na M4 kama 2 hadi 2.5. Shika ufunguo kwa upande mfupi, ukaze kwa vidole na si kwa bega.

4. Bonyeza kila kona ya bodi kwa kidole. Kona ikigonga granaiti, bodi imejipinda. Legeza kiungo cha karibu, acha bodi ilale yenyewe, kaza upya. Ikibaki pengo dogo kati ya bamba na kiungo, kipande cha kopo la soda, ambacho unene wake ni kama mm 0.1, hulijaza vizuri.

Mpaka sasa hakuna gundi ya hesi. Utafungua haya yote tena kwa ajili ya rangi.

Hesi ya alumini ikikatika, usiongeze bolti nene zaidi kwa sababu tundu la bamba la juu halitaipokea. Weka hesi ya springi ya chuma ya M3 au M4. Unatoboa, unakata kwa tapu yake maalumu, unaizungusha ndani. Inatoka na nguvu kuliko ya awali. Bolti za chuma kisichoshika kutu zina tabia yake: ndani ya alumini, hasa penye unyevu, hung'ang'ania baada ya miezi. Tone la grisi ya kuzuia kushikana kwenye hesi zisizopata gundi linazuia hilo.

Bogi na magurudumu

Sherman ina bogi 6 na magurudumu 12 yanayobeba uzito, na kwa kawaida kila gurudumu huwa na beringi 2. Sukuma beringi kwa kubonyeza duara la nje tu, kwa kutumia soketi ya spana inayolingana nalo. Ukibonyeza duara la ndani, nguvu yote hupita kwenye vigololi na huacha alama ambazo hazionekani ila utazisikia kama mkwaruzo ukizungusha. Beringi ikigoma, tia gurudumu kwenye maji ya moto kwa dakika chache, likaushe, jaribu tena. Alumini hupanuka haraka kuliko chuma.

Bogi ikikamilika, ishike mkononi. Magurudumu yazunguke bila kukwama, na mikono ipande na kushuka, springi ikiirudisha yenyewe. Mkono unaobaki juu umekazwa mno kwenye pini yake au una rangi ya kiwandani ndani ya tundu. Rekebisha sasa.

Giaboksi na sproketi

Kwenye Sherman sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo, ziko mbele. Kila moja ina duara mbili za meno 13, na meno ya duara ya ndani lazima yatazame sawasawa na ya nje. Ukifunga duara moja ikiwa haijalingana na nyingine, mnyororo utavutwa upande mmoja mbele ya mwingine, na utahangaika kutafuta kosa kwenye magurudumu wakati liko hapa. Simamisha skweya juu ya jino la nje na la ndani uhakikishe.

Skrubu ndogo zisizo na kichwa zinazoshika gia kwenye shafti zinapaswa kutua kwenye sehemu bapa ya shafti. Kama shafti ni duara tupu, tupa hutengeneza bapa hiyo kwa dakika tano. Zikifungwa juu ya duara, zitateleza mara ya kwanza kifaru kikigeuka mahali palipo na nyasi. Hapa gundi ya buluu inaruhusiwa hata wakati wa majaribio, lakini isiguse plastiki, kwa kuwa aina nyingi za plastiki hupasuka.

Kisha chukua rula ndefu ya chuma na uilaze kutoka sproketi, kupitia magurudumu, hadi gurudumu la nyuma la kukazia. Vyote viwe mstari mmoja. Kinachotoka zaidi ya nusu milimita huongezewa au kupunguziwa washa (pete bapa za bolti).

Mnyororo

Sherman halisi ya kawaida ina vipande 79 kila upande, na vipande hushikwa na viungo viwili kila panapokutana. Seti inayofuata asili kwa uaminifu itakupa vipande 158 na viungo 316. Kazi hii inachosha. Igawe kwa vikao vya vipande ishirini. Kipande cha asili kilikuwa na inchi 6 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo kwa 1/6 ni inchi moja kamili, mm 25.4, na mnyororo mzima ni takriban mita 2. Ukimaliza upande wa pili, laza minyororo yote miwili sambamba chini. Tofauti ya urefu wa zaidi ya mm 5 inamaanisha kuna viungo visivyoingia hadi mwisho.

Gurudumu la nyuma liko kwenye ekseli isiyo ya katikati. Ukiizungusha, gurudumu husogea na mnyororo hukaza. Bonyeza mnyororo kwa kidole kati ya roli mbili za juu: ushuke mm 3 hadi 5. Ukilegea zaidi utaruka meno. Ukikaza kama uzi wa gitaa, mota zitakula umeme mwingi na beringi za gurudumu la nyuma zitakufa kwanza.

Umeme

Mfumo wa kawaida ni volti 24: betri mbili za 12 V zilizofungwa kwa mfululizo. Betri zilizofungwa za 18 Ah, zinazouzwa kwenye maduka ya sola, zina kama kilo 5 na nusu kila moja. Zilaze chini, katikati au nyuma kidogo, kusawazisha giaboksi za mbele. Nunua zote mbili siku moja, aina moja. Ukichanganya ya zamani na mpya, ya zamani hufa mapema na kuiburuta mwenzake.

Mota ya wati 250 kwa volti 24 huvuta amperi 10 au zaidi ikifanya kazi kamili, na nyingi zaidi ikikwama. Kwa mota mbili za namna hiyo tumia waya wa mm² 6 kwenye njia kuu, fyuzi ya 40 A karibu kabisa na ncha chanya ya betri, na swichi kubwa unayoweza kuifikia bila kufungua bodi. Fyuzi ikiwa mbali na betri, waya ulio kabla yake hauna ulinzi wowote.

Usijaribu mota kwa kifaa cha kubadili umeme wa ukutani. Kontrola (vidhibiti vya mota) nyingi za kifaru hurudisha umeme kwenye betri wakati wa kufunga breki. Kifaa cha ukutani hakiwezi kuupokea, na volti hupanda mpaka kitu kiungue.

Jaribio la kwanza lifanyike kifaru kikiwa juu ya vipande vya mbao, minyororo ikiwa hewani. Sproketi ikizunguka kinyume, badilisha nyaya mbili za mota hiyo. Kisha endesha polepole na uzime rimoti ghafla. Mota zote mbili zisimame mara moja. Zisiposimama, rudi kwenye mpangilio wa risiva (kipokezi cha rimoti), na kifaru kisiguse ardhi mpaka jambo hili limekwisha. Uzito kama huu ukikosa amri hauangalii mguu wa mtoto.

Chaji kila betri peke yake, kwa amperi 2 hadi 5, ili zibaki sawa.

Endesha kabla ya rangi

Endesha chuma kikiwa kitupu kwa nusu saa juu ya sakafu ya saruji: mbele, nyuma, kona pana, halafu kona kali. Mnyororo ukitoka, tazama unatokea wapi. Ukitokea kwenye sproketi, mstari umepotea au mnyororo umelegea. Ukitokea nyuma, ekseli ya kukazia imeinama. Gusa mota: zinaweza kuwa vuguvugu, lakini usipoweza kushikilia kidole kwa sekunde tano kuna kitu kinasugua.

Sasa fungua kila kitu. Alumini haishiki rangi ya kawaida kwa sababu uso wake hujifunika oksidi. Pitisha msasa wa 400, futa kwa spiriti, kisha puliza praima ya asidi, ile ya mafundi wa bodi za magari, koti moja jembamba tu. Ikiwa nene hubanduka. Juu yake weka praima ya kawaida, halafu kijani cha zeituni cha Sherman, kisichong'aa. Ziba kwa tepu matundu ya beringi, hesi, na nyuso zinazokutana. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, rangi ya selulosi hufanya ukungu mweupe kwa sababu unyevu hunaswa wakati thina ikiruka. Puliza mchana jua likiwa kali, au taka thina ya kukauka polepole.

Rangi ya madoadoa ya jeshi na nembo za UPDF, jeshi la Uganda, usiziguse. Sherman ya nyota nyeupe haimchanganyi mtu yeyote.

Wakati wa kuunganisha mara ya mwisho ndipo gundi ya buluu inapoingia kwenye bolti za bodi, bogi na giaboksi, tone moja kwa kila bolti. Vifuniko vya juu vinavyofunguliwa kila wiki viache bila gundi.

Kabla ya kukitoa uani, mwambie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani. Uwanja wenye nyasi fupi ni bora kuliko murram, na barabara ya umma si mahali pake. Baada ya saa ya kwanza ya kutembea, mnyororo utakuwa umelegea kidogo viungo vikijikalisha. Upime upya, upitie bolti zote za bogi kwa ufunguo, na upige vumbi kwa brashi kavu kabla ya kuweka grisi mpya.